Meli Zisikilizazo Chini ya Bahari

Mkazi wa Mukuru kwa Reuben, upande wa viwanda katika jiji la Nairobi, akitaka kujua pipa lake limebaki na maji kiasi gani hana haja ya kulifunua. Hulipiga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akianzia juu na kushuka chini. Palipo tupu hulia kwa sauti ya wazi. Palipo na maji sauti hugeuka ikawa nzito na fupi. Kwa kitendo hicho kidogo mtu huyo amejua jambo asiloliona kwa macho, na amelijua kwa sikio. Somo letu la juma hili lahusu meli ambazo kazi yake ni hiyo hiyo, ila pipa lake ni Bahari ya Hindi, na kinachotafutwa ni matabaka ya miamba yaliyolala chini ya maji.

Huenda msomaji akauliza: Sisi wa Mukuru, tulio mbali na Mombasa kwa kilomita 480 hivi, tuna shughuli gani na meli? Tunayo, tena kwa njia tatu. Kwanza, mafuta tunayotumia huja Nairobi kwa bomba lililoanza kazi mwaka 1978, na twajua faida yake na hatari yake pia. Wakazi wa pande hizi hawajasahau moto wa Sinai wa tarehe 12 Septemba 2011, uliowaua watu zaidi ya 100. Pili, bahari ni mali ya taifa zima, na mali ya taifa isipopimwa vema hasara ni yetu sote. Tatu, ndani ya meli hizi mna kazi za ufundi ambazo vijana wengi wa Mukuru wameshazijua mwanzo wake. Jambo hili la tatu ndilo tutakalolifikia mwisho wa somo, baada ya kueleza meli zenyewe.

KUPIMA KWANZA, KUCHIMBA BAADAYE

Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Reuben, Mukuru kwa Njenga na Viwandani kuwa eneo la mpango maalum. Kabla ya kuchora barabara, mifereji na mabomba ya maji, ilipasa kwanza kujua nyumba ziko wapi, watu ni wangapi na maji ya mvua hupita njia gani. Kila mwenye akili aona sababu yake: achimbaye mtaro bila kupima aweza kuupeleka maji ndani ya nyumba ya jirani.

Baharini hasara ni kubwa zaidi. Kisima kimoja cha kutafuta mafuta au gesi katika maji ya kina kirefu hugharimu makumi ya mamilioni ya dola za Marekani. Kwa hiyo hapana kampuni yenye busara iwezayo kutoboa bahari kwa kubahatisha. Kwanza hupelekwa meli ya kupima mitetemo, ipite juu ya maji ikitoa sauti na kusikiliza mwangwi, ndipo ichorwe ramani ya miamba.

Wala si mafuta peke yake. Sheria ya bahari, kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1982, yaruhusu nchi kudai sakafu ya bahari hata nje ya maili 200, ikiwa yaweza kuonyesha kwamba sakafu hiyo ni mwendelezo wa nchi yake. Njia mojawapo ya kuonyesha ni kupima unene wa mashapo, yaani mchanga na matope yaliyoletwa na mito kwa miaka mingi mno yakagandamana kuwa mwamba. Kenya ilipeleka maelezo yake Umoja wa Mataifa tarehe 6 Mei 2009. Unene huo wa mashapo hupimwa kwa mitetemo. Basi meli hii yaweza kuwa kama mpima mashamba: aliye na vipimo ana la kusema mbele ya baraza, na asiye navyo hubaki na maneno matupu.

HESABU YA MWANGWI

Kanuni yenyewe si ngumu. Katika maji ya bahari sauti huenda mwendo wa mita 1,500 hivi kwa kila sekunde moja. Meli ikitoa mshindo, na mwangwi kutoka sakafu ya bahari ukarudi baada ya sekunde 4, tujue kwamba sauti imetumia sekunde 2 kushuka na sekunde 2 kupanda. Zidisha 1,500 kwa 2, upate mita 3,000. Hicho ndicho kina cha bahari mahali hapo.

Lakini sauti haiishii sakafuni. Sehemu yake hupenya ndani ya mwamba, na kila inapokuta tabaka jipya, gumu zaidi au laini zaidi kuliko lililotangulia, sehemu nyingine hurudi juu. Kwa hiyo mshindo mmoja huleta mwangwi mwingi, mmoja nyuma ya mwingine, kama mtu apitaye katika nyumba yenye milango mingi akibisha kila mlango. Wataalamu hupanga mwangwi huo wote, na mwishowe hupata picha ya matabaka: hapa yamelala sawasawa, hapa yamekunjika kama mkeka, hapa yamevunjika.

Njia hii ilijaribiwa nchi kavu huko Oklahoma, Marekani, mwaka 1921, kisha ikapelekwa baharini. Hata katika maziwa yetu imetumika: miaka ya 1983 na 1984 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walilipima Ziwa Tanganyika kwa mitetemo, katika mradi ulioitwa PROBE.

VYOMBO VYA MELI

Sasa tupande melini tuone vyombo. Kwa urahisi wa kukumbuka tutavigawanya katika mafungu manne: koo, masikio, miguu na akili.

Koo ni mizinga ya hewa. Fundi wa magurudumu aliye kando ya barabara zetu ana kompresa, mashine ikusanyayo upepo na kuusukuma kwa nguvu. Gurudumu la motokaa dogo hutaka upepo wa pauni 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Kompresa za meli ya kupima husukuma hewa kufikia pauni 2,000, yaani zaidi ya mara 60 ya gurudumu hilo. Hewa hiyo hupelekwa kwa mipira minene hadi kwenye mizinga inayokokotwa mita chache chini ya maji, nayo huachiliwa yote kwa pamoja, ikapiga maji kwa kishindo. Jambo hilo hurudiwa kila baada ya sekunde 10 hivi, usiku na mchana, kwa majuma mengi. Mtu aweza kufahamu jinsi vali, mipira na pete za pistoni zinavyochakaa kwa kazi ya namna hiyo.

Masikio ni haidrofoni, yaani vyombo vidogo vya kusikilizia majini. Ndani yake mna kigae maalum ambacho kikibanwa hutoa umeme kidogo. Msomaji asidhani huo ni muujiza wa mbali. Viwashio vingi vya jiko la gesi, vile vya kubonyeza vikalia “tak” na kutoa cheche bila betri, vimetengenezwa kwa asili hiyo hiyo. Haidrofoni nyingi hupangwa ndani ya kebo ndefu ambayo meli huikokota nyuma yake. Urefu wa kebo moja waweza kuwa kilomita 6, au 8, au hata 10. Anayesimama Mukuru kwa Reuben na kuwaza kebo ya kilomita 8 na afikiri mwendo wa kutoka hapo hadi katikati ya jiji na kupita.

Miguu ni mitambo ya kuendesha meli, pamoja na winchi za kutolea na kurudishia kebo. Meli hii haiendi mbio. Mwendo wake wakati wa kazi ni fundo 4 au 5, yaani kilomita 7 hadi 9 kwa saa, mwendo wa mtu akimbiaye polepole. Lakini shati iende katika mstari ulionyoka, wala isisimame, kwa kuwa ikisimama kebo huzama na kusokotana. Tena mashine zake hazina budi kuwa tulivu, maana masikio yaliyo nyuma husikia kila kelele. Meli yenye rafadha iliyopinda ni kama mtu apigaye kelele huku ataka kusikia mnong'ono.

Akili ni kompyuta na vyombo vya kujua mahali. Mwangwi usiojulikana umetoka mahali gani hauna thamani. Kwa sababu hiyo meli huongozwa kwa setilaiti, na juu ya kebo hufungwa mabawa madogo ya kuishikilia katika kina kinachotakiwa na kuielekeza kulia au kushoto, kama mchungaji aelekezavyo kundi.

MELI YA ZAMANI NA MELI YA SASA

Mwaka 1963 meli mbili za Uingereza, Discovery iliyokuwa ya wanasayansi na Owen iliyokuwa ya jeshi la wanamaji, zilipima ganda la dunia kati ya Kenya na visiwa vya Shelisheli. Siku zile baruti ililipuliwa majini, na mwangwi ukapokelewa kwa vyombo vichache. Kazi ilikuwa ya hatari kwa mabaharia na ya kuua samaki wengi. Mahali pa meli palikadiriwa kwa nyota, jua na mawimbi ya redio, na kosa la mamia ya mita halikuwa ajabu.

Baadaye mizinga ya hewa ilishika nafasi ya baruti. Kebo za kwanza zilijazwa mafuta mepesi ili zielee, na zikipasuka mafuta humwagika baharini. Leo nyingi hujazwa kitu kigumu kisichomwagika. Kebo moja ilifuatwa na mbili, kisha nyingi zikakokotwa sambamba, hata picha ya miamba ikawa na urefu, upana na kina, badala ya kuwa mstari mmoja tu. Meli ya Norwei iitwayo Ramform Titan, iliyojengwa Nagasaki, Japani, na kutolewa mwaka 2013, ina urefu wa mita 104, na tezi yake ina upana wa mita 70; imetengenezewa nafasi ya magurudumu 24 ya kebo. Umbo lake ni kama pasi ya kunyoshea nguo, nyembamba mbele na pana nyuma, kwa sababu kazi yote iko nyuma.

Hapa ndipo lilipo fundisho kubwa la kuhuisha kundi la meli. Ubavu wa chuma ukitunzwa hudumu miaka 25 au zaidi, lakini kompyuta na kebo huchakaa au kupitwa na wakati mapema zaidi. Kwa hiyo kampuni nyingi hazikutupa meli zao. Zilizikata, zikazipanua tezi, zikaweka kompresa mpya na kebo mpya. Hata meli zilizokuwa za uvuvi ziligeuzwa zikawa za kupima. Umri wa meli, basi, hauhesabiwi kwa mwaka wa kujengwa peke yake, bali kwa umri wa vyombo vyake na kwa juhudi ya wanaovitunza.

Mwenye meli zaidi ya moja ana sharti jingine. Wenye matatu wa Nairobi walijua zamani kwamba magari ya namna moja ni nafuu kuliko magari ya namna kumi, kwa maana kipuri cha hili hufaa lile, na fundi aliyezoea moja amezoea yote. Meli nazo ni hivyo. Kundi la meli zenye kompresa za aina moja na kebo za aina moja laweza kusaidiana baharini. Kundi lenye vyombo vya kila aina hungojea vipuri kutoka ng'ambo, na kila siku ya kungojea hugharimu fedha nyingi.

KUNUNUA AU KUKODI

Wako wanaouliza: Mbona nchi zetu za Afrika Mashariki hazinunui meli zake za kupima mafuta? Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na meli za kukodi. Mwaka 2017, kwa mfano, bahari ya Unguja na Pemba ilipimwa na meli iitwayo BGP Explorer ya kampuni ya Kichina. Swali hilo lastahili jibu la hesabu, si la majivuno.

Meli kubwa mpya ya aina ya Ramform Titan hugharimu zaidi ya dola milioni 200. Hubeba watu 50 au zaidi, ambao shati walishwe, walipwe na kubadilishwa kila baada ya majuma machache. Isipokuwa na kazi, gharama haikomi. Mwaka 2014 pipa la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Kampuni za mafuta zikapunguza upimaji, na meli nyingi zikafungwa gatini bila kazi. Dolphin Geophysical ya Norwei ilifilisika Desemba 2015. WesternGeco iliuza meli zake kwa Shearwater mwaka 2018. Polarcus nayo ilikoma mwaka 2021. Hao walikuwa wenye ujuzi na mtaji mkubwa, na bado upepo uliwageukia.

Kwa hiyo kukodi si aibu. Aibu ni kukodi meli pamoja na akili. Meli ikimaliza kazi huondoka, lakini vipimo vyake hubaki, na vipimo hivyo ndivyo mali yenyewe. Nchi iliyo na watu wake wa kuvisoma yaweza kuvirudia baada ya miaka 10, kwa kompyuta bora zaidi, ikaona yasiyoonekana kwanza, bila kutoa meli tena. Nchi isiyo na wasomaji hukubali kila iambiwalo na mgeni. Mwenye shamba asiyejua kusoma hati ya shamba lake hawezi kujilinda kwa kununua kalamu ya dhahabu.

MELI HAIONI MAFUTA

Yafaa pia tujihadhari na uvumi. Kila meli ya namna hii inapoonekana pwani, watu husema, “Mafuta yamepatikana, umaskini umekwisha.” Meli haioni mafuta. Huona umbo la miamba tu, kama vile mgonga pipa ajuavyo kwamba ndani mna kitu kizito, lakini hajui kama ni maji safi au maji ya chumvi.

Bahari ya Kenya ni ushahidi. Mwaka 2007 kisima kiitwacho Pomboo kilichimbwa katika maji ya kina kirefu baada ya upimaji, nacho kikawa kikavu. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa kilikuta gesi, lakini si ya kutosha kuuzwa. Mwaka 2013 vilichimbwa Kubwa na Kiboko. Mwaka 2014 Sunbird. Na Mlima mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022. Vyote hivyo havikuleta mafuta wala gesi ya biashara.

Upande wa Tanzania mambo yalikwenda vingine. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ilianza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, miaka 30 baadaye. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi imegunduliwa katika maji ya kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara, lakini hadi mwaka 2024 gesi hiyo ya kina kirefu ilikuwa bado haijaanza kutolewa. Kwa hiyo hata penye mali, safari kutoka mwangwi hadi jikoni ni ndefu. Anayemwuzia mtu kiwanja kwa bei ya juu kwa hoja kwamba “meli imepita” anauza mwangwi.

WAVUVI NA VIUMBE VYA BAHARI

Meli inayokokota kebo za kilomita 8 haiwezi kukwepa mashua. Kwa hiyo hufuatwa na vyombo vidogo vya kuwaonya wavuvi na kuondoa hatari njiani. Mvuvi mwenye jarife au madema ana haki ya kuarifiwa mapema, kwa lugha aijuayo, siku na mahali meli itakapopita. Na nyavu zake zikikatwa astahili kulipwa. Kazi ya kuwaarifu yataka watu wanaojua Kiswahili cha pwani na desturi za bahari, na hiyo ni nafasi kwa wenyeji.

Viumbe navyo vina haki yao. Nyangumi, pomboo, nguva na kasa huishi katika maji yetu, na nyangumi na pomboo huitegemea sauti kuliko macho. Kanuni zilizoanzishwa Uingereza mwaka 1995, na ambazo nyingine nyingi duniani zimezifuata, zataka mlinzi mwenye ujuzi atazame bahari kwa dakika 30 au zaidi kabla ya mizinga kuanza. Akiona nyangumi au pomboo ndani ya mita 500, kazi huahirishwa. Tena mizinga haianzi kwa nguvu zote: huanza kidogo kidogo kwa dakika 20 au zaidi, ili kiumbe kilicho karibu kipate nafasi ya kuondoka. Kila nchi inayokodi meli yapasa kuyaandika haya katika mkataba, na kuweka mtu wake melini ayaone yakitimizwa.

MLANGO WA FUNDI

Sasa turudi Mukuru. Katika vichochoro vya Mukuru kwa Reuben na viwanda vinavyouzunguka mtaa huo, kuna vijana wanaochomelea vyuma, wanaofungua kompresa, wanaosuka upya mota za umeme, wanaotengeneza simu na kompyuta kwa vipande vilivyotupwa. Hebu tutazame nyuma katika orodha ya vyombo vya meli: kompresa, winchi, mota, kebo za umeme, kompyuta. Fundi wa meli hupambana na mashine ambazo ni dada zao wakubwa. Tofauti kubwa iko katika mambo mawili: cheti, na nidhamu ya kuandika kila kazi iliyofanywa. Kompresa ya pauni 2,000 haitengenezwi kwa kukisia. Mpira mmoja uliofungwa vibaya waweza kumwua mtu.

Kwa hiyo kijana mwenye nia na afuate hatua hizi.

Kwanza, apate cheti cha ufundi anaoujua tayari. Ofisi kuu ya NITA, ambayo hutahini ufundi wa kila namna, iko Commercial Street katika eneo lile lile la viwanda. Si safari ya mbali, na mtu aliyejifunza kazini aweza kutahiniwa bila kuwa amesoma chuo.

Pili, ajifunze kutumia daftari la kazi. Siku aliyobadilisha pete za pistoni, saa zilizotumika, kipimo cha mafuta: aandike yote. Melini fundi asiyeandika huhesabiwa hakufanya.

Tatu, ajifunze kuogelea, jambo ambalo vijana wa bara hulipuuza. Kisha afuate mafunzo ya usalama ambayo kila baharia hupaswa kuwa nayo kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978: kuokoka majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama wa kazi. Mafunzo hayo hutolewa Mombasa katika Bandari Maritime Academy, na kwa jirani zetu katika Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam.

Nne, anayependa hesabu na afikirie kusoma jiolojia au fizikia ya dunia katika chuo kikuu. Huyo ndiye atakayeisoma ile mali inayobaki baada ya meli kuondoka, na kazi yake haitegemei kupanda meli hata siku moja.

Na hapa hatuna budi kutoa onyo. Wako matapeli wanaozunguka mitaani wakiahidi kazi za meli kwa malipo ya “fomu” au “kuharakisha.” Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 wakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Baharia hujilipia cheti cha daktari, kitabu chake cha ubaharia na pasipoti tu. Akutakaye zaidi ya hayo, mwulize leseni yake, na leseni hiyo uihakikishe kwa Kenya Maritime Authority kabla ya kutoa hata shilingi moja. Wazazi wasiuze ng'ombe wala shamba kwa ajili ya karatasi isiyo na mhuri.

Ni kweli pia kwamba kazi za upimaji wa mafuta hupanda na kushuka, kama tulivyoona mwaka 2014 na baada yake. Lakini fundi aliyesoma kompresa, winchi na umeme wa meli hapungukiwi: bandari, meli za mizigo, meli za uvuvi, viwanda na hospitali zote zamhitaji. Ujuzi wake hauzami na bei ya pipa.

Wahenga walisema, “Maji usiyoyafika hujui wingi wake.” Meli za kupima mitetemo ni njia moja ya kuyafika maji hayo kwa sikio. Twaweza kukodi ubavu wa meli, twaweza kukodi kebo na mizinga. Lakini sikio lijualo kutofautisha mwangwi na kelele, na mkono ujuao kufunga vali isivuje, havikodiwi milele. Hivyo hulelewa, na malezi yake yaweza kuanza katika kibanda cha mabati kando ya mto Ngong.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI AU KATIKA CHAMA

1. Mwangwi wa sakafu ya bahari umerudi baada ya sekunde 3. Kina cha maji ni mita ngapi?

2. Kwa nini meli inayokokota kebo haiwezi kusimama ghafula?

3. Taja faida mbili za kundi la meli lenye vyombo vya aina moja.

4. Meli ikiondoka, ni mali gani inayobaki nchini, nayo yataka watu wa namna gani?

5. Wakala akikutaka fedha ili akupe kazi ya baharini, utafanya nini kwanza?

Jibu la swali la kwanza ni mita 2,250. Mengine msomaji atayapata akirudia somo, au akijadiliana na wenzake.